Mama Kapewa Maiki, Mie Nimekwisha

Jamani, hebu nisikilizeni.

Leo nimempeleka mama Kinondoni, kwa yule jamaa anayetengeneza filamu za vichekesho. Anakaaga jukwaani, watu wanamuuliza maswali, kamera zinarekodi.

Mama akanyoosha mkono. Akapewa maiki.

"Mwanangu, yule mama wa kwenye filamu yako, anayezimia kila akishindwa maneno, umemtoa wapi? Nimecheka mpaka mbavu zinauma!"

Jamaa akajibu: "Shikamoo mama. Yule ni mtu wa kweli kabisa! Zamani, sijaota hata ndevu, nilikuwa nimepanga Mtoni, yeye jirani yangu. Akiona ugomvi unamshinda, anavua miwani, anampa mtu amshikie, ndo anaanguka."

Ukumbi mzima hoi kwa kicheko.

Mie nimeganda.

Sie tunakaa Mtoni. Na hiyo miwani nimeanza kuishika mie tangu niko darasa la tatu.

Nikamgeukia mama. Hacheki tena. Na maiki bado anayo!

"Ile ilikuwa PRESHA!"

Jamaa akasimama, akakinga macho kwa mkono maana taa zinammulika. "Mama Neema?!"

Neema ndo mie, jamani. Kamera zote zikatugeukia. Hivi nyie mngejificha wapi? Semeni.

Kufika tu nyumbani, akamshtakia baba: "Eti mie nazimiaga makusudi!"

Baba akajikaza. Akajikaza tena. Akashindwa, akacheka.

Mama akamtazama. Akavua miwani.

Akanipa nishike.