Nilivyopima Mipira ya Injini

Chekeni, lakini musinitangaze kanisani. Mjukuu wangu Bahati, anayeniita Koko, yaani bibi, ni fundi wa magari hapa kambini Dzaleka, Malawi. Bwana mmoja wa Lilongwe alimletea injini ya ajabu: haina pistoni, ndani kuna chuma cha pembe tatu kinazunguka tu. Bahati akashindwa kuchagua mipira ya ndani ya kuzuia maji, myeusi ao ya kahawia. Mi nikawaza: mpira utakaovumilia maharagwe yangu yanayochemka jikoni utavumilia injini. Alipotoka, nikaitosa yote sufuriani. Myeusi ikalegea kama mboga ya lenga-lenga, nikaificha; ya kahawia nikaiopoa ikiwa ngumu vilevile.

Aliporudi nikamwambia, "Weka ya kahawia." Akaipanga, mmoja hauko.

"Koko, bwana akikuta injini wazi, ataipeleka kwa fundi mwingine!"

"Ndiyo ujifunze kutunza vitu!" nikamgombeza.

Bwana akafika. Ili kumtuliza, nikampakulia nsima, ugali wa huku, na maharagwe yale. Akatafuna, akatafuna.

"Koko, hii nyama yako haiishi?"

Akavuta kutoka kinywani mpira mrefu wa kahawia. Bahati akanigeukia.

Nikakaza uso. "Si munaona haukuiva? Weka huo huo."