Cherehani Ndani ya Eda

Siku hizi nasikia vijana wakijisifu kwamba wanafanyia kazi nyumbani, kana kwamba jambo hilo wamelizua wao. Mimi nililianzisha Konde miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, na sioni haya kusema.

Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa na diploma ya ushonaji, niliyoipata kwa jasho langu, bila mjomba tajiri wa kunishika mkono. Nikapanga chumba karibu na soko, nikaweka cherehani mbili. Kabla yangu hakuna aliyekata kanzu pale ikamkaa mtu mabegani kama amezaliwa nayo.

Mwaka huohuo mume wa dada yangu mdogo akafariki. Dada akakaa eda nyumbani kwa shangazi yetu, yeye na watoto wake wawili. Wakwe zake walikwisha kusema: eda ikimalizika watawachukua watoto, kwani mama yao hana cha kuwalisha. Dada hakulalamika. Aliniambia tu, "Kaka, nitafutie kazi isiyonitoa mlangoni."

Nikampelekea cherehani moja. Mimi nikawa nakata dukani, yeye akishona chumbani. Kazi moja, nyumba mbili. Nani mwingine angefikiri hivyo wakati ule?

Tatizo ni kwamba kwetu cherehani hailii ndani ya nyumba mchana kutwa ila kuna arusi. Siku ya pili tu majirani wawili wakabisha hodi kwa furaha: "Hongereni! Nani anaolewa?"

Shangazi alitamani ardhi immeze. Walipoondoka akanigeukia.

"Huko Mombasa ndiko walikokufundisha kutia shangwe nyumba ya msiba?"

"Shangazi, ile ni kazi."

"Apitaye njiani anajua? Kesho uje uichukue."

Kesho yake nilikuja kweli. Lakini mama mkwe wa dada alikuwa amenitangulia, amesimama ukumbini na buibui lake, uso umemvimba.

"Mwanangu hajakauka kaburini," alisema, "na humu mnashona nguo za arusi?"

Nilifungua kinywa, shangazi akaniwahi.

"Bi mkubwa, hicho unachosikia ni chakula cha wajukuu zako. Ingia umtazame."

Akaingia. Dada alikuwa na nguo zake nyeupe za eda, hana wanja wala hina, kanzu zimejaa mkekani. Mtoto mdogo alikuwa amelala juu ya vipande vya vitambaa, mguu wake umeegemea mguu wa mama yake. Dada alipomwona mkwewe aliondoa mguu kwenye pedali, akainama, akambusu mkono.

Yule mama akampapasa mtoto kichwani. Kisha akasema, "Endelea, mwanangu. Usije ukachelewesha nguo za watu." Alipofika mlangoni akaniuliza kama naweza kumkatia babu wa watoto kanzu ya Ijumaa.

Watoto hawakuchukuliwa. Na kanzu ile niliikata kwa mkono wangu mwenyewe. Konde nzima haijapata kuvaa nyingine kama ile.