Zamda na Mkorogo wa Maharusi

Pale Segera, zinapokutana barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam, ilikuwa shida kumpata bi harusi aliyetolewa nje bila kupita mikononi mwa Zamda. Mjini wanamwita Mama Awadhi, kwao Kwedizinga bado ni Zamda, na kote anaitika kwa sauti inayofika stendi. Kunong'ona hajui. Akifurahi mtaa mzima unapata habari, na akikasirika ndiyo usiseme.

Kazi yake ilikuwa mkorogo. Mwali akishawekwa ndani kusubiri ndoa, Zamda anaitwa kumtakatisha ngozi iwe nyeupe. Alichanganya krimu za makopo yasiyoonyesha yametengenezwa wapi, akatia mafuta ya nazi na liwa kidogo ya kuleta harufu, kisha akakoroga kwa mkono mtupu. Mwiko hakutaka hata kuusikia. "Mkono ndio unaojua kama dawa imekolea," alisema, na kwa mkono huohuo akamsugua mwali kuanzia kisigino hadi kipaji cha uso. Yeye mwenyewe hakujipaka hata tone. Alikuwa mweusi wa kung'aa na akijivunia weusi wake, huku akiwauzia wenzake weupe, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata kidogo.

Basi Ikram, mke wa mwanawe Awadhi, akashika mimba baada ya miaka ya kungoja na kusemwa. Zamda alipoambiwa, alikuwa sokoni na kapu la nyanya kichwani. Aliruka, nyanya zikatapakaa hadi kwenye ndizi za watu, na hakuna aliyethubutu kumlaumu. Kwao mama mkwe ndiye anayemwogesha mtoto mchanga na kumkanda kwa mafuta mpaka arobaini itoke, na Zamda aliitamani arobaini hiyo kuliko kitu chochote duniani. Hakuweza hata kusubiri. Kila jioni, akitoka kwa maharusi wake, alimpaka Ikram mafuta tumboni huku akimsimulia mjukuu habari za ukoo.

Ndipo wakaja watafiti. Walitaka kupima mkojo wa watu wapate kujua zebaki imewaingia kiasi gani, maana baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi hutiwa zebaki. Aliyewaongoza ni Hosiana, binti wa Kisambaa mpole wa maneno. Zamda akawa wa kwanza kwenye foleni, huku akimburuta Ikram kwa mkono.

"Nipimeni mimi!" alitangaza. "Mimi sipaki madudu hayo. Muone mtu safi anavyokuwa!"

Majibu yalipotoka, Hosiana aliyaleta mwenyewe nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema basi, nimekuwa wa kwanza?"

"Ndiyo, mama, umekuwa wa kwanza."

Zamda alikwisha kuinua mikono juu kushangilia.

"Wa kwanza kwa zebaki," Hosiana akamalizia taratibu. "Hakuna aliyekuzidi."

"Mimi? Mbona sipaki!"

"Unakoroga na nini, mama?"

Mikono ikashuka. Hosiana alimweleza kwamba zebaki hupita kwenye ngozi, hukaa kwenye kucha, kwenye taulo na kanga, huumiza figo, na kwa mtoto aliye tumboni inaweza kugusa ubongo. Ikram naye alikutwa nayo kidogo, wakati hajawahi kupaka krimu yoyote maishani. Hapo hapakuwa na haja ya kuuliza ameipata wapi. Ikram alijifunika tumbo kwa kanga, naye Zamda akaangua kilio.

"Nimemuua mjukuu wangu!"

"Hujamuua, mama. Ya Ikram ni kidogo, na tukiikatisha sasa mwili wake utaendelea kuitoa. Wewe acha kukoroga. Toa taulo zote na kanga za kazini. Nitakupima tena kabla hajajifungua. Kiwango kikishuka tutajua mikono na nyumba vimesafika. Kisiposhuka, mtoto asipite mikononi mwako."

Zamda alinyanyuka pale pale, akabeba makopo kwenda kuyatupa chooni. Hosiana akamkimbilia.

"Hapana, mama! Zebaki haiozi. Chooni itafika kwenye maji, na ukiichoma utaivuta puani."

Ikabidi vyote vifungwe kwenye ndoo zenye vifuniko, watafiti wakaondoka navyo.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kukata kucha na kusugua mikono. Rukaya, shoga yake wa Makuyuni, alikuja kumbembeleza amtakatishe binti yake Shamsia, mara hii tu. Zamda alimkatalia kwa sauti iliyotoa watu vibandani, na Rukaya akanuna.

Uchungu ulimshika Ikram mapema, kabla majibu ya kipimo cha pili hayajarudi. Alijifungua salama hospitali, Korogwe, mtoto wa kiume. Kila mtu alimbeba isipokuwa bibi yake. Zamda alikaa kwenye benchi, mikono ameibana kwapani, akimtazama mjukuu kwa mbali na machozi yakimtoka. Simu ilipolia aliiangusha, akaiokota, akaiangusha tena.

"Kimeshuka, mama," alisema Hosiana. "Kimeshuka sana!"

Zamda alipiga ukelele, nesi akaja mbio kumnyamazisha akashindwa. Ikram, kitandani, alikuwa anacheka.

"Mpeni mama mjukuu wake," alisema.

Siku ya kumwogesha nyumbani, wanawake walijaa chumbani, hata Rukaya alisahau kununa. Kwao mtoto mchanga hutazamwa masikio kujua rangi atakayotoka nayo, na Zamda ndiye fundi wa kuyasoma. Siku zote akiona sikio jeusi, alimpoza mama wa mtoto kwa kumwambia asijali, binti akikua ataletwa kwake.

"Haya, tusomee," alisema Rukaya. "Mweupe au mweusi?"

Zamda alimkausha mtoto polepole, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama sikio huku wenzake wakisogea karibu.

"Mweusi," alisema. "Mweusi ti!"

Akapiga vigelegele mpaka mtoto akashtuka na kulia, na wanawake wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakavipokea vigelegele vyake.