Nilivyokula Hadi Nikapata Nyumba

Mimi nikisema nataka kitu, nataka. Nilikuwa nimepanga vyumba vya watu kwa miaka kumi na saba, na mwaka ule niliapa kwamba likizo ya shule haitaisha kabla sijapata nyumba yangu mwenyewe. Tatizo, likizo hiyohiyo nilishamwahidi shoga yangu safari ya kula. Tulipanga siku tano za kuzunguka pwani yetu ya Tanga, kuanzia Kigombe hadi Moa, na kazi iwe moja tu: kula. Yeye anauza vitambaa, mimi mwalimu, na sote wawili hatuna mzaha mbele ya sahani.

Dalali alinizungusha wiki nzima. Nyumba ya kwanza ilikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Ya pili, choo kilikuwa kwa jirani. "Utazoea, dada," akaniambia. Nizoee nini, jamani? Choo cha watu? Ya tatu, ya Ngamiani, niliipenda kabla sijavuka kizingiti. Vyumba vinne, ukumbi mpana katikati, baraza mbele, na uani jiko la zamani limejaa masizi. Bei niliimudu. Nikasema hii hii.

Kumbe ilikuwa ya mirathi. Wadogo wawili wa kiume walishakubali kuuza, lakini dada yao mkubwa, aliyeolewa Moa, alikuwa hajatia sahihi, na bila yeye hakuna nyumba. Wanunuzi wawili walishamfuata huko wakarudi wamenuna. Dalali akanivuta pembeni. "Yule bibi anaipenda sana nyumba yao. Mwambie hutagusa hata tofali moja. Na usiitaje nyumba kabla hujala chakula chake."

Hilo la kula nililipokea kwa mikono miwili. Moa ilikuwa kituo chetu cha mwisho, tukaifanya cha kwanza, nami nikatia karatasi za mauziano mkobani.

Kosa tulilifanya asubuhi yake. Tulianzia mjini kwa supu ya pweza na chapati. Njiani tukala mihogo ya nazi, na tulipofika Moa shoga yangu akakutana na kaa wa kuchemsha, akasema hawezi kuwapita hivihivi. Saa saba mchana tulipoingia kwa bibi, nilikuwa natembea nimejishika tumbo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Hatujakaa vizuri, likaja sinia: bada, yaani ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa papa uliokolea nazi. Siku nyingine ningelipigania. Siku ile tonge la kwanza lilipita, la pili likapita kwa maji, la tatu likagoma.

Bibi akanitazama. "Chakula changu hakishuki?"

Loh! Nikaona nyumba yangu inakwenda zake. Shoga yangu akanifinya, akitaka nisingizie ugonjwa. Sikuweza. "Bibi, wallahi tumekula tangu asubuhi," nikasema, nikamtajia kimoja kimoja mpaka kaa. "Tumefunga safari kwa ajili ya kula tu. Ulafi umetuponza."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Watu wanafunga safari kwenda msibani, kwenda harusini. Nyinyi wanawake wazima mnafuata kaa!" Akalifunika sinia kwa kawa. "Basi hapa hamtoki. Laleni, mkiamka mtakula."

Tukalala mkekani kama watoto. Baada ya sala ya alasiri tukala sawasawa, mpaka sinia likang'aa, na bibi akawa anatuongezea mchuzi huku anatucheka. Tuliponawa, akaanza yeye mwenyewe.

"Wadogo zangu wameshanipigia simu, najua kilichokuleta. Niambie, lile jiko la uani utalifanyaje?"

Maneno ya dalali nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nitamdanganyaje mtu ambaye mchuzi wake bado unanukia vidoleni? "Nitalivunja, bibi. Halina hata dirisha. Mimi siwezi kupika mahali pa kunipofua." Shoga yangu akafumba macho.

Bibi akajipiga paja. "Livunje! Wale wenzako wawili waliniapia watalitunza kama kaburi la sharifu. Nimelia mle kwa moshi tangu sijabaleghe, hawa wadogo zangu wamekaa barazani wanangoja chai, halafu watu wananiambia nalipenda! Nani aliwaambia? Lete karatasi."

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa kushuhudia. Bibi aliandika jina lake polepole, kwa herufi za Kiarabu, akanirudishia kalamu. Nilipiga kigelegele palepale uani, mwalimu mzima, na wala sikuona haya. Furaha ile sijawahi kuipata tena. Siku nne zilizobaki tulikula kama mabibi harusi.

Mwezi uliofuata nikahamia. Siku ya tatu nilikuwa ukumbini nafungua maboksi, nikasikia sauti mlangoni. "Hodi!" Mlango ulikuwa wazi. Nikachungulia, nikamwona bibi amesimama nje ya kizingiti na mfuko wake mkononi, kwenye nyumba aliyozaliwa.

"Bibi, si ungeingia tu?"

Akatikisa kichwa. "Hodi," akasema tena, akasubiri.

"Karibu, bibi," nikamwambia. "Karibu kwangu."