Handaki na Kizungu Changu

Nimezoea kujigamba kwamba Kizungu nakijua, na wiki jana kiliniaibisha. Wanawake wa kijiji chetu karibu na Gakindu tulikuwa tukichimba handaki la kuzunguka kijiji, la kuwazuia wapiganaji wa msituni, kwa amri ya serikali. Tulitaka kumaliza tuteke maji kabla ya kafyu, wajukuu wapikiwe. Mzungu, Bwana DO, mkuu wa tarafa, akalitazama, akasema, “Back to square one,” akaenda zake.

“Cucu, amesema nini?” wakaniuliza mimi, nyanya yao.

Mimi, ambaye mwanangu ni mwalimu, niseme sijui? “Ati tumemaliza. Twendeni mtoni.”

Langoni mwa kijiji homugadi, askari mlinzi, akatuzuia kwa bunduki. Nikamwambia kwa maringo, “Square one.”

“Hiyo ni kusema mrudi mwanzo, mama. Handaki limepinda. Fukieni, mchimbe upya.”

Wenzangu wakashusha vibuyu vitupu, wakanigeukia.

“Na hiyo ya homugadi, cucu, tutafsirie.”