Siku Benki Ilipouza Deni Langu

Kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao huku ughaibuni nilipewa kwa sharti moja: niwe na gari. Asubuhi namwogesha bibi mmoja mtaa wa Schaerbeek, kisha mzee mwingine ananingoja mtaa wa Saint-Gilles, na tramu haina haraka ya mtu. Benki kadhaa zilininyima mkopo. Moja ikakubali. Siku hiyo niliimba njia nzima.

Baadaye benki hiyo ikanijulisha kwamba deni langu limeuzwa. Mungu wangu! Kwetu Lubumbashi, mtu akiuza deni lako amekukatia tamaa. Usishangae kuona wanaume usiowajua mlangoni, wamekuja kubeba redio na viti. Na mimi sikuwahi kuchelewa kulipa! Nikaona gari limekwenda, na kazi nayo.

Nikafanya kama tunavyofanya kwetu, nikatafuta wa kunitolea ushahidi. Nilimchukua kiongozi wa likelemba yetu, chama cha akina mama ambamo tunachanga pesa na kupokea kwa zamu. Akavaa kitenge cha sikukuu. Kifaransa anakijua, ila akikasirika kinamkimbia, kwa hiyo pale benki nilikuwa natafsiri.

«Bon, huyu mutoto namujua. Analipaka! Mulimuuzisha juu ya nini?» kiongozi wetu akataka kujua sababu.

Mama wa mikopo hakutucheka, na namshukuru mpaka leo. Alituletea viti na maji, akaeleza pole pole. Mikopo mingi ya magari hufungwa pamoja na kuuzwa kama hati moja. Wenye fedha walipoogopa kununua, benki kuu ikaingia sokoni ikanunua yenyewe, ili benki zisiishiwe fedha za kukopesha. Benki kuu huchagua madeni ya watu wanaolipa vizuri. Mimi nitaendelea kulipa pale pale, na gari hakuna wa kuligusa.

«Hata pesa ya gari lako,» akaongeza, «tuliipata kwa kuuza madeni ya waliokutangulia.»

Nikatafsiri. Maman wa likelemba akanigeukia.

«Alors, wale balilipaka mbele yako njo balikupatia gari. Sema aksanti.»

Nilisema asante kwa hao waliolipa kabla yangu, nikalia mbele ya watu wote bila aibu. Sikuwajua hao watu, wala wao hawakunijua. Mwezi uliofuata nililipa mapema, kwa sababu kuna mama mahali fulani katika mji huu aliyekuwa anangoja zamu yake ya kukopeshwa.