Pumzi ya Seremala

Seremala jirani yangu pale mtaani Cimpunda husinzia akiwa amesimama. Ninauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya karakana yake, kwa hiyo namwona: kidevu kinashuka, msumeno wa umeme unaendelea kulia, kisha anashtuka na kujipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. Nikimuuliza, hujibu kwa ile sauti yake nzito, "Ni kuchoka tu, maman." Kila adhuhuri hulala juu ya benchi na kukoroma hadi wapita njia wanacheka.

Jumanne mkoromo ulikatika. Nilingoja uanze tena, haukuanza. Nilivuka barabara mbio, nikamkuta mdomo wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu. "Papa! Amuka, papa!" Nilimtikisa kwa mikono miwili mpaka akavuta hewa kwa kishindo. Nikamwekea kiganja kifuani. Moyo wake ulikimbia, ukasita, ukakimbia tena. "Iko inafanya hivi kila siku," alinong'ona. Nilimwambia twende hospitali, akafungua mdomo kubisha, kisha akanishika mkono. Hospitalini, daktari alikisikiliza kifua chake, akakisikiliza tena, akakataa kumruhusu kurudi nyumbani. Ndipo seremala alipoomba simu yangu, akampigia bibi yake, mama wa nyumba yake. "Leo ulale, usikeshe tena kusikiliza pumzi yangu," alimwambia. "Huku iko watu ya kunichunga."